Kwa Mama Huguette, Aliyetaka Mahema Yaandikwe

Mama Huguette, mwaka umetimia tangu ulipotutoka, Jumanne asubuhi, chai yako ikiwa bado moto mezani.

Wateja wa saluni yako pale mjini bado wanakuulizia. Ulikuwa unasuka mtu huku unamkataza kusinzia, mpaka akusimulie habari za kwao.

Wengi hawajui kwa nini kila Jumamosi ulipanda taxi kwenda ule uwanja wa zamani karibu na Isipingo. Sisi tunajua. Mwaka 2015, tulipofukuzwa majumbani kwa kuwa ni wageni katika nchi hii, tulilala pale wiki sita, ndani ya mahema. Hemani ndiko binti yako Constance alikomzaa Larissa, nawe ndiwe uliyempokea mtoto.

Baadaye ulirudi kuuliza, hapa palikuwa nini? Mzee Steve, jirani wa uwanja, akakueleza. Miaka ya sitini palichezwa raga ya ligi, ile ya watu kumi na watatu kila upande. Yeye ndiye aliyepaka mistari chokaa, lakini siku ya mechi, kwa kuwa ni mweusi, alitazama akiwa nje ya uzio wa waya. Misimu miwili tu, klabu ikavunjika, majani yakaota. Ukayaandika yote kwenye daftari.

Kamati ya uwanja ilipotaka kuweka ubao wa historia, uliwapelekea daftari lile. Mwenyekiti akasoma, akasema, "Mama, ya raga tutaandika. Haya ya mahema ni aibu, tuyaache."

"Aibu ya nani?" ukamwuliza. "Mimi nilipokea mjukuu hapa. Andika!"

Akakataa. Ulirudi mara nne, hata miguu ilipovimba. Ukafariki hawajakubali.

Hatukukaa kulia tu, Mama. Constance alilichukua daftari. Mwanao Achille alikusanya sahihi kanisani. Mzee Steve akaja kikaoni na fimbo yake, akawaambia, "Mukiacha mahema, na jina langu muache."

Mwezi wa tatu ubao ulisimama: raga, waya, mahema, vyote. Larissa aliusoma mbele ya watu, kwa sauti, bila kukwama.

Sasa tunasikia iko watu wanataka uwanja uuzwe. Eish! Wajue tu, siku ya kikao cha kuamua hilo tutakaa mstari wa mbele.

Tunaokukumbuka: mume wako Papa Léonard, watoto wako Constance na Achille, mjukuu wako Larissa, dada yako Colette, aliye Bukavu, na Mzee Steve, aliyeomba aandikwe hapa kama ndugu.

Tutakukumbuka daima, Mama, wala hatutachoka.