Wimbo Unaokatika kwa Mjomba

Mama yangu, shikamoo.

Huku ng'ambo Azaiba, kwa Mjomba, joto halisemeki. Jana baada ya halwa na kahawa, Mjomba alitia kanda ya ile bendi ya magitaa ya kusini mwa Marekani mliyoipenda wewe na yeye ujanani. Anasema wanabendi wameshazika wenzao wawili, na waliobaki bado wanapiga. Ule wimbo wao wa mapenzi uliochangamka ukakatika katikati, ikaingia sauti yako: "Kaka, sisi huku hatujambo." Kumbe zamani ulirikodi barua yako ya sauti juu yake. Nikataka kumwekea wimbo mzima kwenye simu yangu, akakataa. "Mimi nnavyoujua, unaishia kwa dada yangu."

Leo asubuhi nimemsikia yuko peke yake na kanda yake, anakuitikia: "Na sisi hatujambo."

Mwanao anayekubusu mkono,
Salma