Matone Matano Asubuhi, Matano Jioni

Sindeni, Handeni
Jumanne, 2 Septemba 2025

Ukasha, amepatikana! Aliyekuwa anaunguza vile vichwa vya sigara ya umeme uliyomtumia shemeji yako amepatikana, na Sufiani wangu ndiye aliyemkamata, pale pale kwenye meza yake ya ufundi Mombo. Ni mimi.

Sasa keti vizuri, nikusalimie kama inavyotakiwa.

Mpendwa mdogo wangu, shikamoo yako naipokea toka huko Durban hata kabla hujaitamka, marahaba. Hujambo? Wifi yangu Asnath hajambo? Mgongo wake umetulia, au bado anainuka kwa kushika meza? Mimi kwa mwili sijambo. Nakula, natembea, na kuku wangu wamefika ishirini na saba. Lakini nyumba imekuwa kubwa, Ukasha. Unaijua, ni vyumba vitatu tu, ila siku hizi nikiita kutoka jikoni, sauti inanirudia mwenyewe.

Najua utasema, dada si ungepiga simu. Nimepiga. Mtandao wa huku unakatika kila nikifika penye maana, na mambo ya volti na omu sitaki yaniponyoke. Kwa hiyo nimechana karatasi za daftari, na Abraham wa Korogwe, yule mfanyabiashara anayekuja huko kwenu, atapita kuichukua barua Ijumaa.

Nianze na mpwa wako. Mombo nzima simu ikifa watu hawasemi peleka kwa fundi, wanasema peleka kwa Sufiani. Basi likisimama watu wale, kuna abiria anaacha chipsi zake zipoe anamkimbilia yeye. Najisifu, ndiyo. Nimemzaa mwenyewe, sikumwazima kwa mtu.

Unakumbuka daktari alivyomwambia shemeji yako, kwamba kifua chake hakitaki tena sigara hata moja. Tangu kile kifaa chako kifike mwezi wa kwanza, Mwinjuma hajagusa sigara. Sisemi kifaa ni dawa, daktari mwenyewe alisema ajitahidi mwishowe akiache nacho. Ila kuna jambo sijakwambia. Zamani nilikuwa namfukuza akavutie nje, akaenda zake barazani kwa wenzake, mimi nikabaki na sufuria. Kilipokuja hicho akaanza kukaa na mimi mkekani. Mimi nachambua choroko, yeye anatoa ule mvuke unaonukia kama pipi, ananisimulia habari za ujana wake ambazo miaka thelathini na minne ya ndoa sijawahi kuzisikia. Nikajisemea, kumbe huyu mtu ana maneno.

Halafu vichwa vikaanza kuungua. Nasema kile kidude kidogo kinachokaa juu ya betri, chenye waya na pamba ndani, Sufiani anakiita atomaiza. Ulituma vitano. Unakuta ladha inageuka ghafla kama nguo iliyounguzwa na pasi, mzee anakohoa, basi, kichwa kimekwisha. Cha kwanza, cha pili, cha tatu. Na mimi nilishamwona siku moja amezungusha kile kigurudumu cha nguvu za umeme mpaka mwisho, nne nukta nane. Yeye kila kitu ni mpaka mwisho, redio mpaka mwisho, chumvi mpaka mwisho. Nikaamua kesi imekwisha, ni yeye.

Kilipoungua cha nne, tarehe kumi na nne mwezi wa nane, tulikuwa na wageni, kaka yake mkubwa na majirani wa pande zote mbili. Nikasema mbele yao wote, "Huyu mzee hana adabu hata na kitu cha kupewa. Mpeni kijiti atafune, ndiyo saizi yake." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alikiweka kifaa juu ya mkeka taratibu, akasema, "Haya, Mama Sufiani. Kaa na kuku wako." Akachukua jembe na shuka, akaenda Kwaluguru kwenye shamba la marehemu baba yake. Anasafisha shamba la vuli, anasema. Leo siku ya kumi na tisa.

Basi nikavifunga vile vichwa vinne kwenye pindo la khanga nikaenda Mombo. Nisikufiche, nilikwenda kutafuta ushahidi. Sufiani akavipima kwa mita yake. Vitatu mita haikusema kitu, waya umekatika ndani. Cha nne kikasoma omu mbili nukta nne, ndicho kipimo cha waya wake, akasema waya mzima, tatizo ni pamba. Akapima na betri, ikawa inatoa umeme ule ule inaouandika. Akakipasua kile cha nne kwa wembe. Pamba pembeni nyeupe kama ya dukani, katikati mkaa mtupu.

"Mama, hiki kimekufa kwa kiu," akasema. "Unakijaza maji yake kiasi gani?"

Nikamjibu kwa kifua mbele. Unajua mimi ndiye ninayechanja kuku wa Sindeni dhidi ya kideri, tone moja jichoni, halipotei hata moja. Nikamwambia natumia kichupa kimojawapo cha chanjo kudondoshea, nilikichemsha vizuri, na baba yake nampimia matone matano asubuhi, matano jioni, mkono hautetemeki.

Mtoto akaniangalia. "Mama, baba si kuku."

Akacheka mpaka akashika meza, halafu akaona uso wangu akaacha. Akanieleza polepole. Ile pamba lazima iwe imelowa wakati wote. Kijazwe mpaka kwenye alama, kisubiriwe dakika kumi pamba inywe, kisha mtu aanze na umeme mdogo, tatu nukta tatu, apande kidogo kidogo, na ladha ikibadilika tu aache. Nikamuuliza, na ile nne nukta nane je? Akasema, "Ile inaunguza pia, lakini umeiona mara moja. Pamba kavu inaungua hata kwenye umeme mdogo." Akafunga kichwa cha tano, akakijaza, akabonyeza. Mvuke ukatoka mweupe, hauna hata harufu ya kuungua.

Nikalia pale pale mbele ya wateja wake. Hakuniuliza kwa nini nilibana matone, lakini wewe nitakwambia. Kile kichupa cha maji yenyewe, ulichotuma pamoja na kifaa, kilitoka mkononi kwako. Miaka kumi na moja hujakanyaga hapa. Nilikuwa nakitazama naona kama upo chumbani, sikutaka kiishe. Hata sasa jioni nakifungua kifuniko, nanusa kidogo, nafunga. Ugali bado napika wa watu wawili.

Hamisa, mwenye duka kule Kwaluguru, ananiambia mzee amenunua sukari, chumvi na kiberiti. Sigara hajanunua kwake. Lakini kiberiti, Ukasha. Najiambia ni cha kuchomea majani.

Juzi nilimtuma Bibi Chausiku, mshenga wetu, ampelekee jogoo na kifaa kikiwa kimejaa. Bibi yule miaka themanini na kitu, akajifanya anamkumbatia, kumbe anamnusa shati. Anasema ni jasho na majani mabichi tu, ila mtu anatafuna vijiti mpaka fizi zimevimba. Jogoo kampokea. Kifaa kakirudisha. Kasema, "Alinisema mbele ya watu. Awaite wale wale, aseme tena." Wala hakukosea. Ila kaka yake yuko Tanga, hatarudi mpaka tarehe kumi na tisa, na wote niliowachekesha lazima wawepo. Nahesabu siku hizo kwa hofu. Naomba avumilie.

Na wewe nakuita. Abraham anasema kwa basi ni siku nne, tano. Ukija njoo na vichwa vya omu mbili nukta nne, kama hiki kilichoungua nilichokufungia ndani ya barua. Kichupa usiniletee. Njoo mwenyewe, nikujaze wali mpaka kwenye alama.

Sufiani anakuamkia, shikamoo mjomba. Bibi Chausiku anauliza kama huko wanakulisha. Mbusu Asnath, mwambie mgongo aukande kwa maji ya moto. Mungu akulinde barabarani na akulinde kazini, na akituchelewesha, asitucheleweshe sana.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu nakubeba mgongoni,

Maryamu, Mama Sufiani

Kuku watatu nimeshawatenga. Wale wale wote nawaita Jumamosi, tarehe ishirini mwezi huu, baada ya adhuhuri, niseme tena mbele yao.