Zamu Ambazo Mutai Hakupewa

Jumamosi, 8 Juni 1957

Mazoezi ya machela, kama kila Jumamosi. Nilitoka kwenye ghala la mizigo la reli saa saba, nikala haraka, nikavaa yunifomu ya kikosi chetu cha huduma ya kwanza. Wote wanane walikuja. Tukajaza gunia mchanga, tukalilaza kwenye machela liwe mgonjwa wetu, tukateremka nalo mferejini nyuma ya kanisa. Mvua imeujaza. Mahali pazuri pa kujifunza kuvuka mto.

Mutai akaniudhi. Erasto Mutai, yule anayesambaza maziwa kwa baiskeli huku kwetu lokesheni, mtaa wa Waafrika. Katikati ya maji alisema, "Pole pole, mguu wa nyuma." Nikakisimamisha kikosi pale pale, maji magotini. Nikasema mbele ya wote: mtoni sauti ni moja, nayo ni yangu. Hakuna kutia mguu majini kabla sijaita. Nikawafanya wairudie amri hiyo mara tatu kama watoto wa darasa la kwanza. Mutai naye akairudia mara tatu.

Alikuwa na haki. Barasa, fundi viatu, alikuwa anateleza kule nyuma. Nilimwona baada ya Mutai kumwona. Hilo ndilo lililoniudhi.

Jioni nikajaza daftari la zamu. Mwalimu Hezroni, mwenyekiti wa kamati yetu ya kanisa, aliagiza tangu Januari kwamba kila Jumamosi mtu mwingine aongoze, ili kikosi kisiwe cha mtu mmoja. Agizo zuri. Sijalifuata hata siku moja. Kwenye safu ya "Aliyeongoza" nimeandika E. Mutai. Hii ni mara ya nne nampa zamu ya wino.

Jumamosi, 15 Juni

Mwalimu Hezroni alikuja kulikagua daftari. Alifurahi sana. Aliniita mlezi wa viongozi mbele ya watu wote. Nikatazama viatu vyangu. Vilikuwa vimeng'aa.

Kisha akasema Mutai ameomba nafasi ya kusomea udresa hospitalini, kufunga vidonda na kusaidia madaktari. Atahitaji barua ya kamati, na kamati itaandika kwa kutazama daftari. Mutai alitazama chini akitabasamu. Hajui ndani mna nini. Hakuna anayelifungua ila mimi na Mwalimu.

Kwa nini siwapi zamu? Nijibu kweli, maana hapa hakuna anayesoma. Kule ghalani mimi ni "boi" tangu Jumatatu hadi Jumamosi mchana. Umri wangu ni miaka arobaini na miwili. Halafu Jumamosi nasema "inua" na wanaume wanane wanainua. Sitaki kugawa neno hilo. Ni uchoyo tu, kama mtu kuficha sukari.

Jumamosi, 22 Juni

Saa saba na robo. Naandika nikiwa nimesimama. Leo napigwa picha ya yunifomu, studio ya yule Mhindi karibu na soko. Nimemwambia Mutai wakusanyike kanisani, nitachelewa kidogo. Mke wangu Peresi amenipigia pasi shati mara mbili. Kola imekaa sawa.

Jumapili, 23 Juni

Sikuenda ibadani. Jana sikuweza kushika kalamu.

Studio palikuwa na foleni ya bwana harusi na jamaa zake. Nikangoja. Niliporudi kanisani, saa nane na nusu, hapakuwa na mtu ila mzee wa kengele. Akaniambia lori la shamba moja la ngano upande wa Njoro lilikuja saa saba na nusu. Trela la magunia lilimpanda mtu mguu. Daraja la shamba limechukuliwa na mvua, gari halifiki kwenye kambi ya vibarua, na watu wa kule wanaogopa kumgusa. Kikosi kiliondoka na lori.

Nikachukua baiskeli. Upepo ulikuwa usoni na kilima hakiishi. Njia nzima nilikuwa nimeudhika kwamba wameondoka bila mimi. Naandika hili ili lisipotee: nilikuwa nimeudhika.

Nilifika mtoni saa kumi na nusu. Walikuwa ng'ambo ya pili. Machela ilikuwa chini kwenye nyasi na wao wameizunguka, wamekaa. Lori lilikuwa upande wangu, dereva amesimama juu ya bodi anawapigia kelele. Hakuna aliyekuwa akisogea. Waliponiona walisimama wote kwa pamoja.

Nikavuka. Maji yalifika mapajani, si zaidi. Mgonjwa ni mzee Nderitu, mpakiaji magunia. Mutai alikuwa amembana damu kwa kitambaa na kijiti juu ya goti, vizuri kabisa. Alikuwa amekilegeza mara mbili nilivyowafundisha, damu ikaruka, akakifunga tena. Na kwenye paji la uso la Nderitu alikuwa ameandika kwa penseli ya wino saa aliyofunga, nilivyowafundisha pia. 8.40, saa nane na dakika arobaini.

Nikasoma namba ile. Nikatazama saa yangu.

Barasa akasema, "Sisi tulifika hapa saa tisa na dakika tano. Kwenda tulivuka mmoja mmoja, machela tupu. Kurudi na mgonjwa tulingoja wewe, kiongozi. Mutai alitaka kuita, sisi tukakataa. Wewe mwenyewe ulisema mtoni sauti ni moja."

Alisema kwa heshima kabisa, kama mtu anayengoja kusifiwa.

Nikaita. Wakainua. Tukavuka kwa dakika saba.

Jumatatu, 24 Juni

Niliomba ruhusa kazini, nikaenda hospitali. Wameukata mguu, juu ya goti. Nesi alisema kitambaa kilikaa mno, nyama ya chini ilikuwa imekufa. Angefikishwa saa moja na nusu mapema, alisema, huenda daktari angeuokoa. Aliniuliza kama mimi ndiye kiongozi. Nikasema ndiyo.

Nderitu alikuwa amelala. Ile namba bado ipo kwenye paji, imefifia.

Saa moja na nusu hiyo naijua ilikuwa wapi. Ilikuwa mtoni ikiningoja, na mimi nilikuwa bado kilimani juu ya baiskeli, kwa kuwa nilikawia kwa Mhindi nikiambiwa niinue kidevu.

Alhamisi, 27 Juni

Kamati ilikaa. Mwalimu Hezroni, wazee wanne, mimi, na Mutai amesimama. Daftari mezani.

Nilikuwa nimejiandaa kulaumiwa. Kweli nilikuwa nimejiandaa. Lakini Mwalimu alifungua daftari, akaanza na Mutai. Daftari linasema umeongoza mara nne mwaka huu, akamwambia, kwa nini mtoni ulishindwa kuongoza? Mutai akajibu hajaongoza hata mara moja. Mwalimu akamuuliza kwa upole, "Kwa hivyo kiongozi wako ameandika uongo?"

Mutai akanitazama. Alinipa mimi nafasi ya kusema.

Nikasema, "Labda amesahau."

Maneno mawili. Yalitoka yenyewe, laini, kama nilikuwa nayo mfukoni siku zote.

Wakaamua Mutai ni mwoga na sasa ni mwongo. Atolewe kikosini. Barua ya udresa haitaandikwa. Hospitali inafunga maombi Jumatatu ya tarehe nane Julai. Alipotoka alisema, "Asanteni, wazee," akafunga mlango taratibu.

Ijumaa, 28 Juni

Mutai alileta maziwa saa kumi na mbili na nusu, kama kawaida. Mimi ndiye niliyetoka na sufuria. Akapima. Kisha akaongeza kidogo juu, kama anavyoniongezea siku zote kwa sababu ni kiongozi wake. Angeacha nyongeza ile ningefarijika. Sikunywa chai.

Jumamosi, 29 Juni

Mazoezi. Saba tu. Nikaita, wakainua. Sauti yangu inanichukiza.

Jumatatu, 1 Julai

Peresi amezisikia habari za kamati kutoka kwa mke wa Barasa. Amenipakulia chakula. Baadaye akiosha vyombo, amenipa mgongo, akasema, "Mutai amesahau nini, Baba Timina? Mtu anaweza kusahau kuongoza?"

Nikamwambia ni mambo ya kamati. Akasema, "Haya." Haya ya Peresi ni ndefu kuliko hotuba.

Jumatano, 3 Julai

Picha imetoka. Nimesimama mbele ya pazia lenye maua, mkono kiunoni, kidevu juu. Yunifomu haina kunyanzi hata moja. Ni picha nzuri sana. Peresi aliishika kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama, akauliza ilipigwa saa ngapi.

Nimeiweka chini ya sanduku la nguo, uso chini.

Njia ya mwongo ni fupi, mama alikuwa akisema. Yangu imefika mlangoni kwangu na kila asubuhi inaniletea maziwa.

Ijumaa, 5 Julai

Naogopa. Si kufungwa, hakuna atakayenifunga. Naogopa uso wa Mwalimu Hezroni. Naogopa kutembea lokesheni bila cheo. Nimejaribu kujiambia kwamba Mutai atapata nafasi mwakani. Nimejaribu kwamba hata angeita, wenzake wasingemfuata. Hilo la pili ni kweli, na ni mimi niliyelifanya liwe kweli.

Jumamosi, 6 Julai

Nimesema.

Nilikwenda nyumbani kwa Mwalimu Hezroni mapema, kabla ya kazi, nikamwomba aite kamati na kikosi chote alasiri, na Mutai. Alidhani nataka kumwombea Mutai msamaha. Akanisifu kwa moyo wangu mwema. Nikashindwa kumkatiza.

Alasiri nilisimama. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi, sikuisoma. Nikasema zamu zote ni za uongo tangu Januari. Hakuna aliyeongoza ila mimi. Siku ya mto nilikuwa napigwa picha. Walingoja kwa sababu niliwafundisha kungoja. Mutai hakusahau kitu.

Barasa alianza kulia, mtu mzima. Ndiye aliyemkataza Mutai kwa sauti kubwa kuliko wote siku ile, na sasa alijua kwamba walikuwa wakiingoja picha. Sikuwa nimemfikiria Barasa. Kumbe deni langu lina watu wengi kuliko nilivyohesabu.

Mwalimu akavua miwani. "Miezi sita nimesoma kitabu hiki nikifikiri ninawasoma hawa," akasema. "Kumbe nilikuwa ninakusoma wewe peke yako." Hakuniita mlezi wa kitu chochote.

Nimevuliwa uongozi. Barua ya Mutai iliandikwa pale pale, nikiwa nimesimama, na atakiongoza kikosi mpaka atakapokwenda masomoni. Mimi nikaamriwa kulisahihisha daftari kwa mkono wangu. Kila mstari nikakata jina la mtu, nikaandika langu. Januari, Februari, Machi, yote. Sijawahi kuchoka kuandika jina langu hadi leo.

Mlangoni nilimngoja Mutai. Nikamwambia, "Nisamehe." Akafikiri kwanza. Akasema, "Kesho nitaleta maziwa mapema, kuna ibada." Akaenda zake.

Jumapili, 7 Julai

Maziwa yalikuja mapema. Kipimo kamili. Hakuna nyongeza.

Jumamosi, 13 Julai

Nilikwenda kumwambia Nderitu mwenyewe. Nilidhani atanitukana, na nilitaka anitukane. Alinisikiliza hadi mwisho, akivuta blanketi mahali ambapo mguu haupo.

Akasema, "Ile saa yote nilikuwa nasikia maji. Nilisikia hawa watu wanabishana nani ataita. Nilitaka kuita mimi. Lakini yale maneno yenu sikuyajua."

Basi. Halafu akaniuliza kama ngano ya upande wa juu imenusurika na mvua. Anaogopa bwana wa shamba atamrudisha rizavu, kwao kusiko na kazi, maana mpakiaji wa mguu mmoja wa nini? Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za hospitali mpaka mfagiaji akaniomba nisogeze miguu. Miguu yote miwili.

Jumamosi, 3 Agosti

Tumempeleka Nderitu nyumbani. Amepewa kulinda ghala la ngano hadi Desemba. Baada ya hapo hajui.

Daraja bado halijajengwa. Lori likatuacha kando ya mto. Mutai alipanga watu. Mimi nyuma, kulia, mahali pa Barasa. Kisha akasema yeye leo haiti. "Zamu ya Barasa."

Barasa akasimama mbele ya maji. Tumeinama, mikono kwenye mipini. Akafungua kinywa, hakikutoka kitu. Tukangoja. Neno lilikuwa kwenye ulimi wangu, nililisikia uzito wake. Nikaliuma. Nikamtazama Mutai. Alikuwa anatazama mto kama mtu asiye na haraka.

Ni Nderitu aliyesema, kutoka kwenye machela, macho juu mawinguni. "Sema, bwana. Mimi sina mguu ingine ya kungojea."

Kuna aliyecheka kwa hofu. Barasa akaita. Aliita vibaya, sauti juu mno, na hatua ya kwanza tuliyumba, maji yakamrukia Nderitu shingoni. Ya pili ikawa nzuri kidogo. Ya tatu nilisikia "mguu wa kulia" nikaweka mguu wa kulia, kwa sababu nimeambiwa. Tukafika.

Mutai analijaza daftari hapo hapo, watu wote wakiona. Lilizungushwa tutie sahihi. Aliyeongoza: Barasa. Chini kabisa, nyuma kulia, jina langu.

Nimeanika soksi juu ya jiko. Peresi ananiita nikale.