Prague ya Chebet

Jumapili usiku, Kuresoi

Prague, Prague, Prague! Dada yangu Chebet amerudi nyumbani, na tangu lunch ni daraja la mawe tu, wafalme waliolijenga, na wapenzi wanaobusiana juu ya mto. Upuzi. Mto ni maji, hata sisi tunao.

Kisha akampa Mama simu. "Ona vile kunapendeza."

Mama aliishika, kioo kikiangalia sakafu. "Kunapendeza sana, mami."

Chebet akapunga mkono mbele ya macho ya Mama. Hayakupepesa.

"Mbona hukuniambia haoni?" akaniuliza jikoni, akilia.

"Alinikataza. Alisema utaacha masomo."

Sasa anaapa harudi tena huko. Simwamini. Huo mji umemlewesha, na mimi nimechoka kuwa peke yangu na Mama.