Ndege Yenye Mshono

Baba, shikamoo. Najua leo huitikii, lakini nimefanya jambo baya na ni lazima ulisikie kutoka kwangu mwenyewe.

Tulipomaliza matanga nilipangusa ndege zako za plastiki, eropleni ndogo za mfano, zile mlizoanza kununua wewe na mdogo wako, Baba mdogo, tangu mitumba iliporuhusiwa, zikiwa vipande vipande, mkawa mnakuja kuziunganisha nyumbani. Ulinifundisha kuzipima. "Fumba macho, pitisha ukucha. Ukikwama, fundi hajamaliza." Basi nikafumba macho. Kwenye ile kubwa nyeupe ukucha ukakwama toka puani hadi mkiani. Mshono wote wazi, puti ya kuzibia imevimba kama kidonda.

Nikasema hii si ya Baba. Ya Baba haina mshono! Halafu nikakumbuka Baba mdogo anayo kama hiyo hiyo, na siku ya mazishi alitoka chumbani kwako amekumbatia mfuko wa nailoni. Kulikoni? Hata chai hakumaliza. Unanijua, nikishuku jambo situlii. Nilimwambia mbele ya ukoo mzima kwamba amebadilisha ndege yako kwa yake. Alichukua kofia yake akashuka kwenye migomba, na hadi leo hajakanyaga hapa. Kimya kingi kina mshindo, nikajisemea, huyu ana lake.

Jana Mama akanikuta naikagua tena. Akacheka, kisha akalia. "Baba yako alikuwa anaunganisha na kupaka puti tu. Kusugua mshono kwa msasa na maji hadi upotee, siku tatu nne, ilikuwa kazi yangu. Yeye subira angeitoa wapi? Hiyo nyeupe aliimaliza peke yake nilipokuwa kijijini Kilema namuuguza bibi yako."

Loo, Baba! Na sifa zote zile ulizojipa mbele ya wageni! Kumbe kazi ya mkono wako ndiyo niliyoikana. Naona aibu, na nimekukumbuka sana.

Na ule mfuko? Mama anasema lilikuwa shati lako, yeye ndiye aliyempa. Nimeamini, ingawa nimemuuliza mara mbili.

Kesho nachuma jani la isale mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, nampelekea Baba mdogo kwa mikono miwili. Kwetu isale ni jani la amani; anayeombwa msamaha kwalo hakatai. Nakuahidi nitarudi naye, akae kwenye kiti chako.

Pumzika, Baba. Wewe uliyetudanganya miaka yote hiyo, nimekusamehe bila isale.