Bega la Ismaili

Bumbuli,
9 Agosti 1998

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Huku baridi imezidi, lakini watoto ni wazima na maharage tumeshavuna.

Shamba la chai lilipopata mwenye mali mpya, wabeba magunia walianza kupimwa uchovu. Alikuja mtafiti kutoka chuo kikuu, Bi Adelina, msichana mrefu mwenye sauti ya upole. Kila baada ya saa moja alimwita shemeji yako Ismaili, akampa chuma cha kupima nguvu akiminye, kisha akamshika bega na kumwuliza panaumaje. Naye anamweleza!

Siku moja niliacha kuchuma, nikaenda kumwambia asimguse mume wangu. Hakukasirika. Alinionyesha karatasi yenye mstari unaoshuka.

"Ikifika saa nne asubuhi, bega hili limekwisha nguvu," akasema. "Linamuuma mwaka wa sita sasa. Nataka magunia yapunguzwe uzito."

Miaka sita, dada. Nalala naye kitanda kimoja, sikujua.

Nilimwuliza Ismaili kwa nini alimwambia mpita njia, akanificha mimi.

"Yeye aliniuliza," akajibu.

Magunia yalipunguzwa mwezi uliopita, na Bi Adelina amekwenda zake. Wenzangu wanamwombea dua. Mimi ulimi unakuwa mzito. Jana nilimkanda Ismaili bega, nikamwuliza kama linauma. Akasema siku hizi haliumi. Badala ya kushukuru, nililia.

Nisalimie shemeji.

Mdogo wako,
Rahma