Nilimwambia Mama Mkwe Gauni Lilimkaa kwa Bahati, Kama Dunia

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla hasira haijanitoa akili, maana nimesema kweli na kweli imenifukuzia mke. Mimi nauza mitumba, mke wangu ni fundi cherehani, tunagawana chumba kimoja cha duka, mimi na belo zangu mlangoni, yeye na mashine yake dirishani, ambako mwezi uliopita alikuwa akishona sare za shule za bluu. Mama mkwe alifanyiwa upasuaji, akakonda, bega la kushoto likashuka, nguo zake zote zikawa zinamning'inia kama zimetundikwa msumarini, nami nikaona kwenye belo gauni la kahawia nikamwambia mke wangu ampelekee, akalikunja akaliweka kando ya mashine yake, na Jumapili familia ilipokusanyika kushukuru kwa kupona kwake, mama akatoka chumbani amelivaa na likamkaa, mshauri, mpaka lile bega. Akajigeuza mbele ya watu kama bibi harusi, akasema binti yake amempima kwa macho. Hapo shemeji yangu, mhubiri asiyeona kimya bila kukijaza, akadandia: mnaona gauni, sasa tazameni dunia, ingesogea karibu na jua tungeungua, ingesogea mbali tungeganda, aliyeipima ni nani, kisha akanitazama mimi, kwa kuwa anajua nasoma vitabu na siendi kwake kusali, akasema wengine humu wanadhani waliokotwa. Watu wakacheka. Nikasimama.

"Mama, hilo gauni limetoka kwenye belo langu. Hakuna aliyekupima. Nguo zikiwa nyingi, moja itamkaa mtu, na sayari ni hivyohivyo."

Mama akaingia chumbani, akarudi amevaa nguo ya nyumbani, akaniwekea gauni mikononi. Kesho yake mke wangu akahamishia cherehani kwa mama yake, na neno aliloniachia ni moja: "Umeliangalia kwa nje." Leo wiki ya tatu, simu hapokei, shemeji anatangaza kuwa dada yake harudi kwa kafiri, nami nimebaki na gauni kaunta, ambalo hata kuuzika haliuziki, begani limeungwa kwa uzi wa bluu, viwanda vya siku hizi vimeoza. Je, niombe radhi kwa kusema kweli?

Mpenda Kweli

*

Mpenda Kweli, jina hilo umejipa mwenyewe, maana hakuna mwingine ambaye angekupa.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nimesimama. Uzi wa bluu kwenye gauni la kahawia. Kiwanda gani humkatia gauni mtu aliyeshuka bega moja? Mkeo alilifumua, akalipunguza, akalishusha bega kwa uzi uliokuwa kwenye mashine yake, hatua nne kutoka pale unapowapigia kelele wateja. Hakujisifu. Nawe ukasimama mbele ya ukoo wake ukatangaza kwamba hakuna aliyempima mama. Ulidhani unamjibu mhubiri, kumbe unamfuta mkeo.

Na kwa kuwa umeniletea sayari, tuzimalize. Hoja yako si ya kijinga. Nimeikuta katika vitabu vinene kuliko vyako. Pasipokalika hapana wa kulalamika, kwa hiyo aliye hai lazima ajikute panapokalika. Sawa. Lakini muuza mitumba ndiye mtu wa mwisho kuitoa, kwani kila shati la belo lilishonwa na mtu. Shemeji yako naye asicheke. Fundi atupimie dunia, kisha maji mengi yawe ya chumvi, na jangwa, na barafu? Mteja angeirudisha. Tena nani kamwambia kwamba dunia ndiyo iliyopunguzwa itukae, na si sisi tuliopunguzwa kizazi baada ya kizazi mpaka tukaienea?

Mimi naamini yupo aliyeshona. Lakini siwezi kukuthibitishia kwa namna inavyotukaa tu, na anayedai anaweza nitamkasirikia kama ninavyokukasirikia wewe. Nguo kukaa hakukuambii nani ameishughulikia. Sharti uigeuze, utazame mishono. Wenye elimu wangali wanaigeuza dunia mpaka leo, kwa jasho, na hawajafika kwenye pindo. Wewe gauni moja limekushinda wiki tatu, na kesi ya ulimwengu mzima umeshaifunga.

Fanya hivi. Simu acha. Waombe walewale wakusanyike tena Jumapili sebuleni kwa mama, shemeji akiwemo. Ligeuze gauni ndani nje, waonyeshe uzi, useme: "Nilisema hakuna aliyempima mama. Yupo, ni mke wangu, mimi ndiye sikutazama." Usiongeze sayari hata moja. Shemeji akianza kuhubiri juu ya huo uzi, na ataanza, mwache, meza hasira kama dawa chungu. Mrudishie mama gauni kwa mikono miwili. Mkeo akinyamaza, nyamaza nawe, ukae karibu na cherehani mpaka aseme yeye.

Hoja zako utazikuta. Jua limekuwapo siku nyingi na litakungoja. Mkeo si jua.